Nyongo Isiyotosha Mlo wa Jioni: Uchambuzi wa Kisa cha Mgonjwa wa Kigoma kwa Modeli ya Kompyuta

Mgonjwa anayezungumziwa hapa ni mama wa makamo, mkazi wa Ujiji, ambaye riziki yake hutokana na kukamua na kuuza mawese. Ameridhia kisa chake kiandikwe, na mambo ambayo yangeweza kumtambulisha yamebadilishwa. Alifanyiwa upasuaji wa dharura baada ya homa ya matumbo kutoboa utumbo wake mwembamba katika sehemu zaidi ya moja, na madaktari wakalazimika kuondoa sentimita zipatazo 110 za kipande cha mwisho cha utumbo huo, yaani ileamu, pamoja na kilango kinachoutenganisha na utumbo mpana. Kidonda kilipona vizuri, lakini tumbo halikutulia. Miezi kadhaa baadaye alikuwa bado anaharisha kila siku, na uzito wake ulikuwa unashuka licha ya kula kwa hamu.

Si bahati mbaya tu kwamba kipande kilichoondolewa kilikuwa hicho. Bakteria wa homa ya matumbo hujikusanya katika vinundu vya tishu za kinga ambavyo vimejaa zaidi mwishoni mwa ileamu, na hapo ndipo utumbo huoza na kutoboka. Sehemu hiyohiyo ndiyo yenye vibebeo maalumu vinavyorudisha asidi za nyongo, yaani viambato vya nyongo vinavyosaidia kusaga mafuta, kwenye damu ili zifike tena kwenye ini. Kwa hiyo mtu anayenusurika kutoboka kwa utumbo anaweza kutoka hospitalini akiwa amepoteza mlango mkuu wa mzunguko wa nyongo, bila yeye kujua na mara nyingi bila jambo hilo kuandikwa kwenye cheti chake cha kuruhusiwa.

Nilikutana naye kliniki pamoja na daktari aliyeniomba nisaidie upande wa hesabu. Baada ya shikamoo na marahaba nilimwomba anieleze anakula nini na saa ngapi, kwa sababu modeli yoyote ya nyongo, yaani mfano wa hesabu unaoiga mwendo wake mwilini, inaanza na ratiba ya milo. Alijibu hivi: "Mwanangu, asubuhi nikinywa chai na maandazi mawili sina tabu. Tabu yangu ni sombe na migebuka ya mawese usiku. Nikila hivyo choo kinakuja na mafuta, kinaelea, ukimwaga maji kinarudi juu." Sombe ni kisamvu, na migebuka ni samaki wa Ziwa Tanganyika. Maandazi nayo yana mafuta, tena si haba. Kwa nini basi mafuta ya asubuhi yapite salama na ya usiku yakatae? Swali hilo ndilo lililotuongoza katika kazi yote iliyofuata.

Kabla ya hapo daktari alikuwa ameanza vizuri kwa kufuata kanuni inayojulikana. Mwaka 1972 watafiti Alan Hofmann na Rainer Poley walionyesha kwamba kuharisha baada ya kukatwa ileamu kuna sura mbili. Pale ambapo kipande kilichoondolewa ni kifupi, kwa kawaida chini ya sentimita 100, asidi za nyongo humwagika kwenye utumbo mpana na kuufanya utoe maji, na mgonjwa hupata nafuu akipewa kolestiramini, unga unaozinasa asidi hizo. Pale ambapo kipande ni kirefu zaidi, tatizo kubwa linakuwa mafuta yasiyosagwa, na hapo kupunguza mafuta ndiko kunakosaidia, ilhali kolestiramini inaweza kuongeza madhara. Sentimita 110 zipo karibu mno na mpaka huo kiasi kwamba rula peke yake haitoi jibu, hasa ukizingatia kwamba urefu wa utumbo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na kwamba kipimo cha chumba cha upasuaji huchukuliwa katika utumbo uliovimba. Kolestiramini ililetwa na ndugu yake kutoka Dar es Salaam. Baada ya kuitumia, choo kilipungua maji kidogo lakini mafuta yakazidi, na uzito ukaendelea kushuka.

Ili kuelewa kilichotokea ni lazima kuutazama mzunguko wenyewe. Ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli, huziunganisha na glisini au taurini, kisha huzimwaga kwenye nyongo inayohifadhiwa katika kifuko chake hadi mtu anapokula. Chakula kikifika, kifuko hujikunja, asidi hizo hutiririka kwenye utumbo na kuyagawa mafuta katika vichembe vidogo sana viitwavyo miseli, ambavyo ndivyo vinavyofikisha mafuta kwenye ukuta wa utumbo. Kazi ikiisha, ileamu huzifyonza na kuzirudisha kwenye ini kupitia mshipa mkuu unaotoka matumboni. Mtu mzima ana gramu 2 hadi 4 tu za asidi hizi mwilini, lakini huzungushwa mara nyingi kwa siku, kama mtaji mdogo wa mchuuzi wa dagaa unaonunua na kuuza mara kadhaa kabla ya jua kuzama. Katika kila mzunguko asilimia 95 au zaidi hurudi. Kinachopotea chooni kwa siku ni takriban nusu gramu, na ini hufidia kiasi hichohicho. Ileamu pia hutoa homoni iitwayo FGF19, ambayo huliambia ini lipunguze utengenezaji. Ileamu ikiondolewa, breki hiyo hulegea na ini huzalisha kwa nguvu zake zote.

Kuuweka mzunguko huu katika kompyuta si jambo geni. Mwaka 1983 Hofmann, pamoja na watafiti wa Italia Molino, Milanese na Belforte, walichapisha modeli ya asidi ya koliki, mojawapo ya asidi za nyongo, kwa mtu mwenye afya, iliyogawa mwili katika vyumba vya ini, kifuko cha nyongo, utumbo na damu na kufuatilia kinachoingia na kutoka katika kila chumba. Mwaka 2018 kundi la Uholanzi lilitumia modeli pana zaidi na kuonyesha kwamba kasi ya chakula kupita utumboni ni miongoni mwa mambo yanayoamua kwa nguvu sana hali ya asidi za nyongo mwilini. Yetu ni ndogo mno ukilinganisha na hizo. Niliiandika kwa lugha ya programu iitwayo Python katika kompyuta ya mkononi ya kawaida, na ina vigezo vinne tu: kiasi kilichopo mwilini, idadi ya mizunguko, sehemu inayofyonzwa tena kila mzunguko, na uwezo wa juu kabisa wa ini. Naamini udogo huo ni faida hapa, kwa sababu daktari aliweza kuikagua mstari kwa mstari na kubishana nayo.

Kwa mtu mwenye afya tuliweka gramu 3, mizunguko 6 kwa siku, na ufyonzaji wa asilimia 97. Hapo gramu 18 hupita utumboni kila siku na gramu 0.54 hupotea, kiasi kinacholingana na kinachojulikana. Kwa ini lisilo na breki tuliweka dari ya gramu 3.6 kwa siku, karibu mara saba ya kawaida. Kisha tukaanza kushusha ufyonzaji hatua kwa hatua.

Matokeo yake yanastahili kusomwa taratibu. Ufyonzaji ukishuka kutoka asilimia 97 hadi 80, ini huongeza kazi na mtiririko wa siku hubaki gramu 18. Mafuta yanaendelea kusagwa kama kawaida, ila gramu 3.6 sasa zinamwagika kwenye utumbo mpana kila siku na mgonjwa anaharisha maji. Hiyo ndiyo sura ya kwanza ya Hofmann na Poley. Chini ya asilimia 80 ini limefika kwenye dari na haliwezi tena. Ufyonzaji ukiwa asilimia 60, mtiririko wa siku unashuka hadi gramu 9. Ukiwa asilimia 50 unakuwa gramu 7.2, ukiwa asilimia 40 unakuwa gramu 6. Lakini kinachopotea chooni kinabaki gramu 3.6 katika hali zote tatu, kwa sababu mambo yakishatulia, mwili hauwezi kupoteza kwa siku zaidi ya unachotengeneza.

Hapa ndipo kisa hiki kilipofunguka. Tulikuwa tukidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba wingi wa maji katika choo unaonyesha ukubwa wa upotevu wa nyongo, na hivyo choo kilichopungua maji ni dalili ya kwamba tatizo linadhibitiwa. Modeli inasema kwamba ufyonzaji ukishashuka chini ya kizingiti cha asilimia 80, kiasi cha asidi za nyongo kinachofika kwenye utumbo mpana hakibadiliki tena, na kinachoendelea kuporomoka ni kile kilichobaki juu kwa ajili ya kusaga mafuta. Maji ya choo huacha kutoa habari hiyo, na mafuta ndiyo yanayobeba habari yote. Juu ya hayo, asidi za mafuta zisizofyonzwa nazo huufanya utumbo mpana utoe maji, kwa hiyo mgonjwa wa sura ya pili bado anaweza kuharisha maji na kuonekana kama wa sura ya kwanza.

Daktari aliuliza kama kipimo cha SeHCAT, kinachotumika Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, kingetupa jibu kama tungekuwa nacho Kigoma. Katika kipimo hicho mgonjwa humeza asidi ya nyongo bandia yenye seleniamu ya mionzi, na baada ya siku 7 hupimwa kilichobaki mwilini. Chini ya asilimia 15 huhesabiwa kuwa ni upotevu usio wa kawaida. Tulikiigiza katika modeli. Siku 7 zenye mizunguko 6 ni mizunguko 42. Kwa ufyonzaji wa asilimia 97 kinabaki asilimia 28, kwa asilimia 95 kinabaki karibu 12, na kwa asilimia 80 kinabaki chini ya sehemu moja ya mia ya asilimia moja. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa asilimia 80 na wa asilimia 50 wangesomeka wote sifuri, ilhali mmoja anahitaji kolestiramini na mwingine anaumizwa nayo. Kipimo hicho ni kizuri sana kwa kugundua upotevu mdogo uliojificha, lakini kwa mama huyu kisingeamua kitu. Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu nimeona jinsi waganga wa mikoani wanavyojisikia kwamba wamekwama kwa kukosa mashine, na katika swali hili mashine haikuwa pengo lenyewe.

Baada ya hapo tulirudi kwenye maandazi na sombe. Tuliigawa siku katika milo mitatu, saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 2 usiku, na kila mlo tukaupa mizunguko miwili. Ini linaendelea kuzalisha usiku na mchana kwa kasi ileile, na kinachozalishwa kinasubiri kwenye kifuko hadi mlo unaofuata. Kwa mtu mwenye afya kila mlo hukuta karibu gramu 3 zikiusubiri. Kwa ufyonzaji wa asilimia 50 mlo wa asubuhi hukuta gramu 2.0, wa mchana gramu 1.4, na wa usiku gramu 1.4. Tofauti hiyo inatokana na saa 11 za usiku ambazo ini huzitumia kujaza kifuko bila kuingiliwa, wakati kati ya milo ya mchana lina saa 6 au 7 tu. Kila thamani ya ufyonzaji kati ya asilimia 40 na 60 ilitoa sura hiyohiyo: asubuhi kati ya gramu 1.8 na 2.2, milo mingine kati ya 1.2 na 1.7. Miseli hazijengeki mpaka asidi za nyongo zifikie ukolezi fulani, kwa hiyo upungufu huo wa robo au theluthi moja unaweza kuwa ndio mpaka kati ya mafuta yanayosagwa na yanayopita bure. Mama alikuwa ameyasema hayo yote kabla kompyuta haijawashwa.

Kolestiramini nayo ikaeleweka. Unga huo hunasa asidi za nyongo na kuzizuia zisirudi, kwa hiyo ndani ya modeli unashusha ufyonzaji zaidi. Tulipoushusha kutoka asilimia 50 hadi 35, mlo wa asubuhi ulikuta gramu 1.8, wa mchana 1.1 na wa usiku 1.2. Punguzo linaonekana dogo, lakini limeangukia mahali ambapo tayari hapakuwa na ziada, na ndiyo maana mafuta yaliongezeka hata choo kilipopungua maji.

Kuna jambo moja ambalo tulilijaribu kwa makusudi, kwa sababu dari ya ini ndiyo dhana yetu dhaifu kuliko zote. Tulipoipandisha hadi gramu 5.4, kizingiti kilishuka hadi asilimia 70. Tulipoishusha hadi gramu 2.7, kilipanda hadi asilimia 85. Kizingiti kinahama, lakini umbo la hadithi halibadiliki, na mgonjwa mwenye choo cha mafuta kinachozidi kwa kolestiramini anabaki upande uleule.

Daktari aliisimamisha dawa hiyo na kuanza na chakula. Mawese ni mafuta mazito kwa mwili usio na nyongo ya kutosha: sehemu yake kubwa ni asidi ya palmitiki na ya oleiki, zote zenye mnyororo mrefu wa kaboni, unaohitaji miseli. Mafuta ya mnyororo wa kati hufyonzwa bila kuzitegemea sana, na hapo watu hukimbilia nazi. Nalisema hili kwa tahadhari, kwa kuwa sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo mwili huishughulikia zaidi kama mnyororo mrefu. Minyororo ya kati halisi ni kama asilimia 15 tu. Kumwambia mama wa Ujiji aache mawese anunue nazi ya kutoka pwani kungemgharimu sana na kumsaidia kidogo.

Kumwondolea mawese kabisa nako kuna gharama yake. Mawese mekundu yana karotini nyingi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na nyumbani kwake ndiyo yaliyokuwa chanzo kikuu. Kwa hiyo tulipendekeza yahamishwe badala ya kufutwa. Kiasi cha mawese kilipunguzwa na kupelekwa asubuhi, mlo unaokuta nyongo nyingi zaidi, na milo ya mchana na usiku ikabaki na ugali wa muhogo, maharage, na migebuka ya kuchemsha. Alipoelezwa, alinyamaza kidogo, akasema kwamba sombe bila mawese siyo sombe, kisha akaamua mwenyewe kwamba sombe ataila asubuhi na muhogo wa kuchemsha, na usiku atakula maharage. Daktari alimwambia, "Sawa mama, hapo umepatia." Aliandikiwa pia sindano za vitamini B12, ambayo hufyonzwa hasa mwishoni mwa ileamu na hivyo atazihitaji maisha yake yote, pamoja na vitamini A, D, E na K. Alishauriwa kunywa maji mengi na kupunguza mchicha, kwa sababu mafuta yasiyofyonzwa hushikana na madini ya kalisi, yakaiacha oksaleti ya mboga hiyo huru iingie kwenye damu na kutengeneza mawe ya figo.

Katika wiki zilizofuata choo cha mafuta kilipungua waziwazi na uzito ukaacha kushuka, kisha ukaanza kupanda polepole. Kuharisha maji kulipungua bila kwisha. Hilo modeli ililitarajia, kwa kuwa gramu 3.6 bado zinaingia kwenye utumbo mpana kila siku.

Lipo pia elezo jingine ambalo hatujaliweka kando. Kilango kilichoondolewa pamoja na ileamu huwazuia bakteria wa utumbo mpana wasipande juu. Kisipokuwepo, wanaweza kuzaliana ndani ya utumbo mwembamba na kuzitenganisha asidi za nyongo na glisini au taurini yake, zikakosa nguvu ya kujenga miseli na zikafyonzwa mapema kabla ya kazi kwisha. Mgonjwa wa namna hiyo naye angekuwa na choo cha mafuta. Kifua kikuu cha utumbo, vimelea vya giardia na maambukizi ya VVU vilikuwa vimeshachunguzwa na havikuonekana. Kinachowatenganisha bakteria na upungufu wa nyongo ni ratiba: katika modeli, bakteria wanaoharibu sehemu ileile ya nyongo katika kila mlo hufanya milo yote mitatu iwe mibaya kwa karibu kiwango kimoja iwapo ufyonzaji haujaathirika sana, na asubuhi haipati upendeleo. Mama huyu alikuwa na asubuhi njema tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo daktari hakuanza na antibiotiki, ila amemwomba aendelee kuweka alama katika daftari, mlo kwa mlo. Siku ambayo chai na maandazi ya asubuhi yataanza kumsumbua kama chakula cha usiku, antibiotiki ndizo zitakazojaribiwa kwanza.